Kesheni, Nanyi Wafundisheni Watoto

Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, Injili iliyosomwa makanisani mwetu ilikuwa ile ya Marko, ambamo Bwana Yesu awaagiza watumishi wakeshe, kwa kuwa hawajui saa atakayorudi mwenye nyumba. Asubuhi ile ile, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Aprili 2024, huko Arusha, gari la shule lilichukuliwa na mafuriko, watoto wakafa maji.

Wako wasemao: "Ni mapenzi ya Mungu, tufanyeje?" Ndugu wapenzi, maneno hayo yana sura ya imani, lakini ndani yake mna uvivu. Yosefu alipojua kwamba njaa itaijia Misri hakukunja mikono. Alijaza maghala miaka saba. Kanisa latufundisha kwamba busara ni fadhila, tena ni mojawapo ya zile nne kuu.

Wala tusidhani kwamba mambo yanakwenda kama zamani. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe umeizidishia dunia joto, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kisha huumwaga kwa mkupuo. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba waumiao zaidi ni maskini.

Basi, mtoto na afundishwe haya shuleni kama afundishwavyo hesabu. Mjini Kamaishi, Japani, watoto walikuwa wamezoezwa kukimbilia mahali pa juu. Bahari ilipofurika tarehe 11 Machi 2011, wakubwa waliwashika wadogo mikono, wakapanda pamoja. Karibu wanafunzi 3,000 wa mji ule wakaokoka.

Enyi wazazi, mtoto wenu ajua njia ipi hufunikwa na maji? Ajua kwamba maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini, humwangusha mtu mzima? Ajua kwamba mto ukigeuka tope ghafula, au mlima ukinguruma, ni kukimbilia pembeni palipoinuka, wala si kurudi kuchukua daftari? Nanyi walimu, fanyeni zoezi kila muhula, kabla ya masika.

Bawabu wa Injili hakuagizwa auzuie usiku usije, aliagizwa akeshe. Tusali, na tukiisha kusali, tuwafundishe watoto.