Shaba ya Katanga, Bei ya London

Lori lenye shaba ya Kolwezi, katika eneo la Katanga nchini Kongo (DRC), huvuka mpaka Kasumbalesa, likakata Zambia nzima, likajipanga kwenye foleni ya Tunduma, ndipo lishike njia ya bandari ya Dar es Salaam. Dereva hupika ugali kando ya tairi na kulala humo humo garini. Mzigo wake una bei, lakini hakuna aliyeipanga Kolwezi wala Tunduma. Shaba hiyo huuzwa kwa kufuata bei inayotangazwa London, kwenye soko la metali lililoanzishwa mwaka 1877, katika mji usio na hata mgodi mmoja wa shaba.

Tumezoea kuuzungumzia utajiri wa nchi kana kwamba ni suala la nani kajaliwa nini na Muumba. Hoja hiyo haisimami. Mali ingefuata udongo, Katanga ingekuwa inaikopesha dunia. Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, na urani ya mgodi wake wa Shinkolobwe iliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima. Hata hivyo, mchimbaji mdogo wa Kolwezi bado anashuka shimoni kwa kamba, tochi kichwani, bila kujua kama kuta zitamhurumia. Singapore, ilipotengana na Malaysia mwaka 1965, ilitegemea hata maji kutoka kwa Malaysia hiyo hiyo; leo ni nchi tajiri.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls aliliona hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu sheria baina ya mataifa alitoa mfano wa Japani, maskini wa madini lakini tajiri, akadai kwamba kinachoamua ni utamaduni wa kisiasa wa watu wenyewe: taasisi zao, uadilifu wao, bidii yao. Tusilikimbie neno hilo kwa sababu tu linauma. Viongozi walioifilisi Kongo walikuwa na majina ya Kikongo pia.

Ila Rawls aliishia mlangoni. Mjerumani Thomas Pogge, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliuliza swali la ndani zaidi: nani amempa mtwaaji wa madaraka haki ya kuuza? Kijana akivunja nyumba ya jirani na kuuza televisheni, aliyeinunua akijua ilikotoka naye ana kesi. Lakini Mobutu alipotwaa Kongo kwa mapinduzi mwaka 1965, dunia ilimtambua kuwa mwenye mali. Saini yake ilitosha kuuza shaba, na ilitosha kukopa. Alipong'olewa mwaka 1997, aliondoka yeye, deni lilibaki. Mwaka 2010 wadai walipokubali kuisamehe Kongo zaidi ya dola bilioni 12, walikuwapo watoto waliozaliwa baada ya Mobutu kuondoka, na tangu siku ya kwanza walihesabiwa wadaiwa wa fedha ambazo hawakuziomba wala kuziona.

Hapo ndipo naachana na Rawls. Utamaduni wa kisiasa hauoti peke yake kama magugu. Kanuni inayomlipa kila anayeikamata Ikulu kwa bunduki hualika bunduki nyingine, na kanuni hiyo haikutungwa Kinshasa. Ni mazoea ya mabenki, ya kampuni na ya serikali zinazojiita za kidemokrasia. Anayenunua kwa mwizi, kisha akamlaumu mwenye nyumba kwa kutofunga mlango, hana uso wa kutufundisha uadilifu. (Nasi tunaotoza ada mzigo wa shaba hiyo ukipita kwetu Tanzania tusijitoe haraka kwenye hesabu.)

Kwa hiyo ninapouliza utajiri uko wapi, siangalii ramani ya madini. Naangalia bei inakoamuliwa, na mkataba unakotambuliwa kuwa halali. Februari 2025 Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaanza kuzipa kampuni viwango maalumu vya kuuza. Bei ya dunia ikapanda. Kumbe nguvu ya kuigusa bei ilikuwapo. Sasa Wakongo wana haki ya kuuliza nyongeza hiyo inaingia mfuko gani, na wamuulize waziri wao kwa ukali ule ule wanaostahili kuulizwa wanunuzi.