Redio Mpya, Gari Kuukuu: Je, Ulimwuliza Mwenzako?

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona redio ya gari imeletwa katika ukurasa huu wa ndoa. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya wivu, ulevi, wakwe na malezi ya watoto. Lakini nakuomba uvumilie, kwa maana nyumba nyingi hazianguki kwa jambo kubwa. Huanza kupata ufa mahali padogo, na ufa wa nyumba yangu mimi ulianzia kwenye dashibodi ya gari.

Hapa kwetu Cheptiret, mtu akiwa na gari, mara nyingi ni gari kuukuu. Limebeba magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa, wagonjwa na hata maharusi. Letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Yeyote aliyenunua gari la namna hiyo anajua taabu ya redio yake. Redio ya huko ilitengenezwa kupokea FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu hapa Kenya ziko kati ya 87.5 na 108. Basi mwenye gari husikia stesheni chache tu za chini, na zile nyingine hazimfikii mpaka afungiwe kifaa cha kubadilisha masafa. Tena maandishi yote ni ya Kijapani. Nilivumilia miaka mingi. Kisha siku moja nikapanda gari la rafiki, nikaona skrini ya kugusa inayong'aa kama dirisha, yenye ramani, nyimbo na simu ndani yake. Tangu siku ile moyo wangu haukutulia.

Wakati huo nyumbani tulikuwa tumeweka pesa za maziwa kwa ajili ya mbolea ya kukuzia mahindi. Mke wangu ndiye huamka saa kumi na moja kwenda kukamua, baridi iwe kali namna gani. Mimi nilichukua shilingi 18,000, nikaenda Eldoret, nikanunua redio ya skrini ya inchi 7 na kufungiwa siku hiyo hiyo. Niliporudi aliitazama, akauliza, "Hii ni ya pesa ngapi?" Nikamjibu, "Elfu tisa tu."

Hakusema neno. Nami nikashukuru kwamba limepita.

Wiki moja baadaye tulikuwa na safari ya kumpeleka mama mkwe kliniki mjini. Alikuwa amelala kwetu makusudi ili tutoke mapema. Asubuhi nilizungusha ufunguo, gari likanyamaza. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Tulisukuma, mimi, mke wangu na watoto wawili, huku yule mama mzee amesimama kando ya njia na shuka begani, akitutazama. Gari halikuwaka. Tukamweka katika matatu, akafika mjini jua limepanda, na zamu yake ilikuwa imepita. Alipangiwa siku nyingine. Wewe unayejua heshima ya mama mkwe katika nchi hii yetu, utaelewa nilivyojisikia.

Jioni nilimwita fundi wa umeme wa magari wa hapa karibu. Alifungua dashibodi, akacheka kidogo. Redio ya namna hii, alisema, huwa na waya wa njano unaotoka kwenye betri moja kwa moja ili ikumbuke saa na mipango yake, na waya mwekundu unaopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Aliyenifungia alikuwa ameunganisha zote mbili pamoja. Kwa hiyo redio haikulala hata mara moja. Usiku kucha ilinyonya betri, hata skrini ilipokuwa giza. Kisha, bila nia mbaya yoyote, akasema mbele ya mke wangu, "Na hizi si za bei rahisi. Hii haipungui elfu kumi na nane."

Mpenzi msomaji, sitaeleza yote yaliyosemwa usiku ule. Nitakuambia neno moja tu ambalo sijalisahau. Mke wangu alisema, "Baba watoto, mbolea tungetafuta njia. Kila unaporudisha gari nyuma hapa uani, mimi husimama mlangoni nikihesabu watoto. Nimesikia kuna redio zenye kamera ya nyuma. Ungeniuliza, ningekuambia tununue hiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama za pesa. Kwa neno hilo sikuwa na jibu.

Sasa tutafakari pamoja. Kwa nini nilidanganya? Nilidanganya kwa sababu nilijua atakataa. Lakini nilijuaje? Sikumwuliza. Nilifanya kesi rohoni mwangu, nikajiuliza maswali mimi, nikajibu kwa niaba yake mimi, nikamtia hatiani ya ubahili, na yeye mwenyewe hakuitwa shaurini. Ile "hapana" niliyoiogopa haikuwa yake, niliitunga mimi. Na kwa kuikwepa "hapana" ambayo haikuwapo, nilimnyang'anya "ndiyo" iliyokuwapo. Mke wangu alikuwa na zawadi mkononi ya kunipa, nami nikaiiba kabla hajaitoa.

Hili ndilo ninalotaka ulifikirie. Tumezoea kusema kwamba anayeficha matumizi anamwibia mwenzake pesa. Ni kweli, lakini pesa ni sehemu ndogo. Aliyefichwa haibiwi shilingi tu, anaibiwa nafasi ya kukubali. Na mtu asiyepewa nafasi ya kukubali hawezi kufurahi pamoja nawe. Ndiyo maana kitu kilichonunuliwa kwa siri, hata kikiwa kizuri namna gani, hukaa nyumbani kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Najua wapo watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza atasema, "Pesa nimezitafuta mimi. Niombe ruhusa kwa nani?" Ndugu yangu, zile zangu zilitoka kwa ng'ombe aliokamua mke wangu. Lakini hata kama ni mshahara wako, fikiri ni nani aliyekufulia shati ulilovaa kazini, na ni nani aliyelea mtoto mgonjwa ili wewe usikose zamu. Sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa na hata ndoa ikivunjika. Na sheria ya mali ya wana ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali. Ikiwa hakimu asiyemjua mke wako anaweza kuihesabu kazi yake, wewe unayekula chakula chake unashindwaje?

Wa pili atasema, "Wangu nikimwuliza atakataa kweli. Namjua." Inawezekana. Basi mwuliza, naye akatae, mzungumze. Ndiyo ina uzito pale tu hapana inaporuhusiwa. Na hapa niseme na upande wa pili pia. Bibi au bwana ambaye jibu lake kwa kila furaha ya mwenzake ni "hapana", huyo anafundisha nyumba yake kuficha. Mtu hahitaji unga na karo peke yake. Baba aliyeshinda juani akivuna ana haki ya kutamani wimbo akiwa njiani, kama vile mama ana haki ya kutamani kitenge kipya. Na tusijidanganye, vitenge navyo hufichwa chini ya godoro, na bei zake hukatwa nusu kwa mdomo. Kosa hili halina jinsia.

Wa tatu atauliza, "Je, niulize hata nikinunua soda?" La hasha! Wana ndoa wenye busara hukubaliana kiasi, kwamba chini ya shilingi kadhaa kila mtu yuko huru, na juu ya hapo tunazungumza. Lakini kipimo kizuri zaidi hakina tarakimu. Ukijikuta unatayarisha jibu kabla hujaulizwa swali, au unapunguza bei ndani ya kichwa chako ukiwa ungali dukani, jua kwamba jambo hilo lilipaswa kuzungumzwa jana.

Sisi tulifanya nini? Hatukuiuza ile redio. Fundi alitenganisha zile waya. Baada ya mavuno tulikwenda Eldoret wote wawili kununua kamera, na siku ile nilijifunza kwamba macho mawili hununua anasa, macho manne hununua kifaa. Niruhusu nikugawie tuliyoyajua, maana huenda nawe una gari kuukuu.

Kwanza, pima nafasi kabla ya kupenda kioo. Redio ndogo ya kawaida ina upana wa milimita 180 hivi na kimo cha 50, na ile kubwa ina kimo cha 100. Toyota nyingi za Japani zina nafasi pana zaidi, kama milimita 200, kwa hiyo pengo hubaki pembeni na linahitaji kuzibwa kwa vipande vyake. Skrini kubwa ya inchi 9 au 10 huhitaji fremu iliyotengenezwa kwa gari lako, la sivyo utakatiwa dashibodi kwa msumeno.

Pili, jua umeme wa gari lako. Magari mengi madogo hutumia volti 12, lakini malori na baadhi ya magari makubwa ya dizeli hutumia 24. Redio ya volti 12 ikifungwa huko bila kifaa cha kupunguza umeme, itaungua. Kabla ya kumlipa fundi, mwombe akuonyeshe kwamba ukitoa ufunguo redio inazima yenyewe.

Tatu, tafuta yenye kitufe cha kuzungusha sauti. Kampuni ya Buick ya Marekani iliweka skrini ya kugusa katika gari lake la Riviera mwaka 1986. Madereva walilalamika kwamba inawaondoa macho barabarani, na baada ya miaka michache ikaachwa. Kitufe unakishika bila kukitazama, kioo huwezi. Katika barabara yetu hii ya Nakuru, yenye malori ya Uganda na ukungu wa Timboroa, kutazama kando kidogo tu kunatosha kuleta msiba. Na video zisiwashwe mbele ya dereva, gari likiwa linakwenda.

Nne, usinunue akili mara mbili. Ikiwa simu yako ni nzuri, redio inayoshirikiana nayo kwa CarPlay au Android Auto itatumia ramani na nyimbo zilizo katika simu. Zile zinazojiendesha zenyewe zikiwa na kumbukumbu ndogo hulegea upesi, na ukizigusa hukujibu baadaye.

Tano, kamera ya nyuma. Huunganishwa na waya wa taa ya kurudi nyuma, ukiingiza gia hiyo picha inatokea. Hiyo si anasa mahali penye watoto wadogo, ingawa hata ukiwa nayo, shuka kwanza utazame.

Na kabla ya hayo yote, mwulize fundi hali ya breki na matairi. Gari lenye uso mpya na miguu iliyochoka linamdanganya mwenyewe.

Siku hizi mke wangu akiwa mlangoni nami nikirudisha gari nyuma, bado huhesabu watoto. Mazoea hayaishi upesi. Lakini huhesabu huku mimi nikiwaona. Tunahesabu wote wawili. Siku tuliyofunga ndoa hatukuahidiana kwamba hatutakosana juu ya pesa. Tuliahidiana uaminifu, nami nilidhani neno hilo lahusu wanawake wengine tu. Sikujua kwamba linaingia hata kwenye risiti.

Ndugu msomaji, ikiwa kuna kitu nyumbani kwako ambacho bei yake ya kweli haijatajwa, itaje jioni hii, watoto wakiisha kulala. Huenda utalaumiwa. Na huenda, kama mimi, utasikia jambo ambalo mwenzako amelibeba siku nyingi akingoja kuulizwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni kiasi gani cha pesa ambacho kila mmoja wetu anaweza kutumia bila kumwuliza mwenzake?

2. Ni jambo gani nililoacha kukuuliza kwa sababu nilidhani najua jibu lako?

3. Je, mimi ni mtu ambaye ni rahisi kumwambia ukweli wa bei?

Nawatakia amani nyumbani.