ASILIMIA 50 NA MAJI YA GIDEONI



Kila mwaka matokeo ya Egzame ya Serikali yanapotoka, mtoto aliyepata 50 kwa 100 amepata diploma, na watu wanammwagia poda na kuimba. Lakini yule aliyetaka kuwa enjeniere anaweza kukaa kimya kando ya ukuta. Anajua kwamba 50 inafungua mlango wa diploma, haifungui mlango wa Politekiniki. Kule Lubumbashi wanaangalia asilimia, wanaangalia seksio aliyosoma, tena wanaweza kumwekea egzame nyingine ya hesabu na fizikia. Viti ni vichache.

Ndipo wazazi wanakuja kwetu. Mama mmoja wa hapa Lusangi aliniletea karatasi ya mwanawe: 54. Akauliza, «Baba Mchungaji, kwa namba hii Mungu atamwingiza?» Nami, bila kufunga, bila kuomba, nilimjibu: ataingia. Hakuingia. Neno lile lilitoka katika kinywa changu tu, halikutoka kwa Roho, na nimekwisha kuliungama mbele ya mama yule.

Tangu siku ile ninajiuliza: namba ile inapima nini?

Someni Waamuzi, sura ya 7. Gideoni alikuwa na watu 32,000. Wenye hofu 22,000 walirudi kwao. Wale 10,000 waliobaki walipimwa kwenye maji, na 300 tu wakachukuliwa. Ile nayo ilikuwa egzame, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeiweka. Lakini je, Maandiko yanasema kwamba wale 9,700 walikuwa wabaya? Hayasemi. Walitumwa nyumbani, hawakulaaniwa. Tena mbele kidogo, katika sura ileile, watu wa Naftali, Asheri na Manase wanaitwa kuwafukuza Wamidiani. Kazi ilikuwa bado iko. Kwa hiyo kupimwa kwa ajili ya kazi moja si kupimwa roho.

Mtu atanijibu: maji ya Gideoni yalikuwa mamoja kwa wote. Ni kweli, na hapo ndipo ninapoumia. Mtoto wa mji mkubwa ameona laboratwari. Wa kwetu amejifunza umeme kwa chaki ubaoni. Lakini mtihani ni ule ule kwa Jamhuri nzima. Wakati wa Mobutu, katika UNAZA, Serikali iliweka hesabu ya nafasi kwa kila mkoa ili mikoa ya mbali nayo iingie. Wengine walilalamika kwamba mtoto mwenye pointi nyingi anaachwa nje. Kila upande ulikuwa na haki yake. Mimi ninaona hivi: aliyebeba mzigo mzito njiani apewe muda na mwalimu wa kumtayarisha, lakini asipewe pointi za bure. Daraja la Luama halitamwuliza enjeniere alizaliwa wapi. Litauliza kama hesabu yake ni sawa.

Basi mzazi anayeuza mbuzi ili anunue pointi afikiri mara mbili. Kiti anachokinunua ni cha mtoto fulani asiyemjua, naye hatajua kamwe nani alimwibia. Halafu kesho lori lenye watu litapita juu ya daraja.

Na tusisahau tulikotoka. Papa Simon Kimbangu alikufa gerezani Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Katika mji uleule, mwaka 1956, iniversite ilifunguliwa. Uhuru ulipofika 1960, Wakongo waliomaliza iniversite hawakufika 30 katika nchi nzima. Babu zetu hawakukosa Politekiniki kwa sababu ya asilimia ndogo. Hakuna aliyewapima. Nani atasema kati yao hapakuwa na Bezaleli, yule fundi wa Kutoka 31 ambaye Mungu alimjaza akili ya kazi ya mikono?

Kijana yule wa 54 hakwenda mgodini kama rafiki zake. Anafundisha hesabu kwa watoto wa primeri asubuhi, na jioni anafungua tena kitabu chake cha fizikia. Mwaka ujao atajaribu tena. Mama yake aliniomba nimwombee. Nilimwombea usingizi, afya na mafuta ya taa. Juu ya namba sikusema neno.