Wastani wa Sifuri

Kijana mmoja anayejifunza Python alipewa swali linalozoeleka kwa wanaoanza: katika mfuatano wa Fibonacci, jumlisha namba shufwa zote zisizozidi 4,000,000. Mfuatano wenyewe ni wa kale. Leonardo wa Pisa aliuandika mwaka 1202 akihesabu sungura, na kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13, bila mwisho.

Akaandika itereta kwa amri ya yield, iliyoingia Python katika toleo la 2.2 mwaka 2001. Itereta haitengenezi mfuatano mzima. Hutoa namba moja, husimama, hukumbuka mbili za mwisho tu, kisha hungoja kuulizwa tena.

Akaweka sharti: chukua namba ikiwa haizidi milioni nne. Akaiendesha, akangoja, akangoja tena. Feni ikavuma, jibu halikuja. Sharti lake lilikuwa chungio, na chungio halifungi bomba: itereta iliendelea kutoa namba, kila moja ikikataliwa. Sisi tunajua kwamba hakuna namba itakayorudi chini ya mpaka. Kompyuta haina habari hiyo. Alipotumia takewhile, inayoacha kuchukua mara tu namba ya kwanza inapovuka, jibu likaja papo hapo: 4,613,732.

Sahihi kabisa. Ila swali lilikuwa na sehemu ya pili, wastani.

Akaunda itereta mpya, akaanza kwa kuhesabu namba ziko ngapi, akapata 11. Kisha kutoka itereta ileile akaomba jumla, akapata 0. Sifuri ukiigawanya kwa 11 ni sifuri. Programu ikachapa wastani bila kulalamika, naye akakabidhi kazi. Itereta huenda mbele tu. Kule kuhesabu kulikuwa kumeimaliza, na kwa Python jumla ya kitu kitupu ni sifuri halali.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: angejumlisha kwanza ndipo ahesabu, angegawanya kwa sifuri, na Python ingegoma palepale kwa ujumbe wa kosa. Kosa ni lilelile. Mpangilio wa mistari miwili tu ndio ulioamua kama atalijua au hatalijua.

Angeweza kuiunda itereta upya kabla ya kujumlisha, au kuziweka zile namba 11 katika orodha, maana ni chache. Orodha hiyo iwe baada ya takewhile, si kabla; namba kamili za Python hazina kikomo cha ukubwa, na mfuatano usiokatwa utajaza kumbukumbu yote.

Mwalimu hakuhitaji hata kuiendesha programu ili kuona kosa. Aliona namba kubwa kuliko zote, 3,524,578, akaigawa kwa 11 kichwani. Hiyo peke yake inapita 320,000.