Manamba: Jina na Namba

Neno "manamba" katika Kiswahili ni kibarua wa shamba kubwa aliyechukuliwa kwa mkataba. Asili yake ni namba aliyopewa mtu alipoandikishwa kazi. Kwetu Burundi wazee walilifanya kuwa jina la mahali: kwenda Manamba kulikuwa ni kwenda kukata mkonge Tanganyika. Yafaa basi sisi tunaolifundisha tujiulize: je, manamba alikuwa mtu huru?

Wako wasemao kwamba alikuwa huru. Mfungwa hupelekwa kazini kwa hukumu; manamba alikwenda kwa miguu yake, akatia dole gumba kwenye mkataba, na wengi walirudi na nguo na fedha. Hayo ni kweli.

Lakini na tutazame alikotoka. Chini ya utawala wa Wabelgiji Mrundi alidaiwa kodi ya fedha, alishurutishwa kulima kahawa na kutengeneza barabara, na aliyekaidi alipigwa kiboko. Wengi walivuka mpaka wakiyakimbia hayo. Ridhaa ya mtu akimbiaye kiboko si ridhaa kamili. Na huko kambini alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku asiyoimaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya kazi ya shuruti uliruhusu mfungwa aliyehukumiwa na mahakama afanyishwe kazi chini ya usimamizi wa serikali, lakini ulikataza asikodishwe kwa watu binafsi wala makampuni. Maana yake ni kwamba hata mkosaji hapotezi utu wake akawa bidhaa. Ikiwa mfungwa hakodishwi, sembuse asiye na kosa?

Kwa maoni yetu, alama ya dole haitoshi. Mtu huru ni yule awezaye kukataa kazi bila kuadhibiwa, na kuondoka akitaka. Tena huitwa kwa jina lake. Jina la Kirundi mara nyingi ni sentensi nzima: Habonimana, yaani Mungu ndiye aonaye. Namba haisemi neno lolote juu ya aliyeibeba.

Siku hizi mabinti zetu huenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, nao hutia saini mikataba. Walimu wenzetu, tuwafundishe wanafunzi kusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho, na kuuliza mapema pasipoti itakaa mkononi mwa nani.