Mnunuzi Asipouliza, Je, Nanyamaza?



Leo naanza kwa kuungama kidogo (msijali, kwa padre nimeshaenda). Kuna swali limenisumbua tangu muhula uliopita: kama mnunuzi hajauliza, je, muuzaji anadaiwa ukweli?

Nasoma kilimo cha mboga na matunda hapa Morogoro. Chuo chetu si kile kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Sokoine. Chetu ni kidogo, ukipita haraka hukioni. Lakini ukisimama bustanini asubuhi, milima ya Uluguru iko mbele yako kama ukuta, imejifunika wingu. Darasani tunakaa kidogo, muda mwingi tuko na majembe. Kila kikundi cha wanafunzi sita kinapewa eneo lake na kinafanya kila kitu: kusia mbegu kitaluni, kupandikiza miche jioni jua likishapoa, kusimika miti ya kuegemeza nyanya, kupunguza machipukizi, kumwagilia. Yote yanaandikwa kwenye daftari la shamba. Ijumaa tunauza wenyewe getini. Mauzo yanahesabiwa kwenye alama, na faida inabaki kwa kikundi.

Daftari la kikundi chetu nilikuwa naandika mimi. Hilo ulikumbuke.

Nyanya zetu zilipoanza kuiva, kanitangaze akaingia. Kama hujawahi kulima nyanya, huyu ni nondo mdogo sana ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda, na ukimchekea anakumalizia shamba. Jumanne tukabeba bomba, tukapulizia dawa. Lebo ilisema wazi: subiri siku 7 kabla ya kuvuna. Ijumaa ikafika na nyanya ni nyekundu kabisa. Tukisubiri hadi wiki ijayo, nyingi zitalainika. Na kuna mwenzetu alikuwa hajamaliza ada, tulishamwahidi faida ya mavuno yale.

Tukajadiliana chini ya mwembe. "Kwani sokoni nani anauliza?" mmoja akasema. "Wataosha tu," akasema mwingine. Mwenye shida ya ada hakusema neno. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika uongo, jamani. Niliacha tu mstari wa Jumanne wazi.

Ndoo mbili alinunua mama mmoja anayepikia wanafunzi, kibanda chake kiko nyuma ya hosteli. Aliuliza bei tu. Akatwika ndoo moja, nyingine akambebesha kijana wake, akasema, "Za kwenu naziamini, nyie ni wasomi."

Jumamosi mchana nikaenda kwake kula kama kawaida. Alinipakulia wali na maharage, akachota kachumbari. Pembeni mwanawe mdogo, wa miaka kama minne, alikuwa anakula vipande vya nyanya kwa mkono.

"Mama, leo kachumbari usiniwekee."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tumbo linanisumbua."

Tumbo langu lilikuwa zima kabisa. Hapo ndipo nilipojua. Ijumaa nilijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Jumamosi ule ukimya ulihitaji uongo wa kuulinda. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimelinda tumbo langu mwenyewe na kumwacha mtoto aendelee kula.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba swali langu ni la zamani sana. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili katika Summa Theologiae: je, muuzaji lazima aseme kasoro ya anachouza? Jibu lake halina ukali wa bure. Kama kasoro inaonekana wazi, mfano farasi mwenye jicho moja, na bei umeipunguza ipasavyo, hulazimiki kuitangaza. Mnunuzi naye ana macho. Lakini kama kasoro imefichika, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, unalazimika kusema, hata kama hajauliza. Na kati ya mifano yake ya hatari anataja chakula kilichooza au chenye sumu. Niliposoma hapo nilifunga simu kwanza.

Kuna kesi nyingine anaitaja ambayo inasaidia kuweka mpaka. Mfanyabiashara amefika na nafaka mahali penye upungufu, naye anajua wengine wanakuja nyuma yake na bei itashuka. Lazima awaambie wanunuzi? Thomas anasema haki haimlazimishi, ingawa akisema atakuwa ameonyesha wema mkubwa zaidi. Kwa lugha ya kwetu: kama najua kesho fuso linashuka kutoka Nyandira na nyanya za kutosha, naweza kuuza leo kwa bei ya leo bila dhambi. Hiyo ni habari ya soko. Lakini dawa iliyo ndani ya nyanya si habari ya soko. Ni habari ya mwili wa mtu.

Najua mtasema, mbona tunaosha? Kuosha ni kuzuri, ila dawa nyingine huingia ndani ya tunda lenyewe, na maji ya bomba hayaifikii. Zile siku za kusubiri zimewekwa ili dawa ivunjike hadi ibaki kiasi kinachohesabiwa kuwa salama. Macho hayawezi kuliona hilo. Nyanya ya siku ya 3 na ya siku ya 8 zinang'aa sawasawa.

Mtasema pia, lakini kuna aliyeumwa? Kwa ninavyojua, hakuna. Na hili ndilo lilinichukua muda kulielewa. Kosa halikusubiri mtu augue ndipo liwe kosa. Mimi niligawa vitu viwili: pesa nikaweka upande wetu, hatari nikaiweka upande wa mama na mtoto wake, tena bila kuwaambia. Mtu anaweza kukubali hatari. Lakini hawezi kukubali asichokijua. Nilimnyima nafasi ya kuamua.

Tena fikiria, wasioweza kutuuliza ni wengi kuliko yule mama. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji, chanzo chake ni milima hii hii. Anayeosha bomba la dawa kwenye kijito huku juu hatakutana kamwe na anayekinga maji kule chini. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 alisisitiza kwamba viumbe vyote vimeunganika. Zamani niliona ni maneno mazuri ya kuweka status. Sasa naona ni maelezo ya mteremko.

Nilipoungama, padre alinisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Na huyo mama, umeshamwambia?" Nikamkumbuka Zakayo. Yeye hakuishia kusikitika, alitaja na kiasi atakachorudisha.

Jumapili baada ya Misa nikaenda. Nikamweleza yote, nikamrudishia pesa ya ndoo mbili kutoka mfukoni mwangu. Alikaa kimya, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Ulimwona mwanangu anakula?" Nikasema, ndiyo, mama, nilimwona. Akapokea pesa, akazihesabu, akaendelea kukata vitunguu. Hajanunua kwetu tena mpaka leo. Simlaumu.

Kwenye daftari niliujaza ule mstari wa Jumanne na kumwonyesha mwalimu. Alama zikapungua, na wenzangu wawili hawakuniongelesha kwa wiki kadhaa. Ada ya mwenzetu tulikuja kuichanga kidogo kidogo, jambo ambalo tungeweza kulifanya tangu mwanzo kama tusingeona nyanya ndiyo njia pekee. Sasa getini tuna ubao: zao, tarehe ya dawa ya mwisho, siku za kusubiri. Ijumaa ya kwanza ya ubao tuliuza karibu nusu tu. Watu wakisoma neno "dawa" wanapita, wanaenda kununua pale ambapo hakuna ubao. Hilo linauma, siwezi kukudanganya.

Ndugu yangu kijana, labda wewe huuzi nyanya. Unauza simu iliyowahi kuingia maji, unampangishia mwenzako chumba kinachovuja, au unaficha jambo kwa mchumba wako kwa sababu "hajauliza". Wiki hii jipime kwa kipimo changu cha kachumbari: je, ungekubali kukipokea wewe mwenyewe, ukijua unachokijua?

Ee Yesu, ulipomtazama Zakayo alishuka mtini. Tutazame na sisi, utupe ujasiri wa kusema kabla hatujaulizwa, na wa kurudi kwa yule tuliyemficha. Amina.