Ulimi Umesema Ndiyo, Je, Mapafu?

Wapendwa, wiki hii nina swali ambalo limeninyima usingizi, na ningependa tulifikirie pamoja.

Jumanne jioni nilikuwa nafunga kibanda changu cha chai wakati kijana wa dada yangu alipofika. Alikunywa chai, akala mandazi mbili, kisha akasema, "Anti, niko na neno." Neno la kijana wa miaka 24 najua huishia wapi. Alitaka Sh2,000.

Huyu kijana alianza sigara akiwa shule ya upili. Mwaka jana aliacha, akashika vepu, ile ya betri inayotoa mvuke. Sikufurahi, lakini lazima niseme ukweli: kile kikohozi chake cha asubuhi kilipungua. Chupa za dukani zilipomshinda bei, akajifunza kuchanganya mwenyewe nyumbani: glisirini, propilini glaikoli, nikotini anayoipima kwa bomba la sindano, na matone ya ladha. Embe, nazi, vanila. Hata alijaribu kuiga chai yangu ya maziwa!

Sasa zile Sh2,000 zilikuwa za atomaiza ya kujaribia ladha. Atomaiza ndiyo sehemu yenye waya mdogo uliosokotwa na pamba iliyolowa. Waya ukipata moto, mvuke unatoka. Kusema kweli alinieleza vizuri. Hataki ile yenye tangi, kwa sababu lazima uijaze, na ikishika ladha ya kahawa leo, kesho embe itanukia kahawa. Itabidi abadilishe koili nzima kila mara, na hapo pesa zinaisha. Anataka ile ya kudondoshea, iliyo wazi juu. Unaweka matone machache kwa pamba, unavuta mara mbili tatu, unatoa pamba, unasafisha waya, unaweka pamba mpya, unaenda kwa ladha nyingine. Koili moja inatosha, na chumba chake kiwe kidogo ndio ladha isipotee. Bora tu skrubu zishike na waya usiguse ukuta, usije ukapiga shoti.

"Na Anti," akasema, "kila ladha naipima na waya ule ule na moto ule ule. Nikibadilisha vyote pamoja sitajua ni ladha ama ni mashine."

Hapo nilimheshimu. Hata mimi nikibadilisha majani ya chai, sibadilishi maziwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa tayari kutoa pesa. Kisha nikamuuliza, "Lakini wewe unavuta ladha moja au mbili. Hizi ishirini za kujaribu ni za nani?"

Akaangalia chini. Kumbe vijana wa steji wameanza kuuliza, na wanafunzi wa chuo pia. Anataka kuuza. "Lakini siwezi kumpa mtu kitu ambacho sijajaribu mwenyewe kwanza," akasema.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Je, mtu akijaribu kitu kwa mwili wake mwenyewe, amepata haki ya kumpa jirani yake? Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Mimi huonja maharagwe kabla ya kumpakulia mteja.

Lakini nilipofikiria zaidi niliona tofauti. Nyuma ya kijiko changu wako mama zetu na nyanya zetu waliokula maharagwe maisha yao yote. Kuonja kwangu ni kuangalia chumvi tu. Mengine yalishajulikana zamani. Nyuma ya atomaiza ya huyu kijana yuko yeye peke yake, na miezi michache.

Tena ladha nyingi anazotumia zilitengenezwa ziliwe, na tumbo si pafu. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, watu wanane waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi walipatikana na ugonjwa mbaya wa mapafu. Kilichoshukiwa, na baadaye kikathibitishwa kuwa hatari, ni mvuke wa ladha ya siagi yenye kemikali inayoitwa daiasetili. Ladha ile ile iliruhusiwa kuwekwa kwa chakula. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, huko huko Marekani, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu; kufikia Februari 2020 waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi, na mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo, mafuta ambayo watu humeza na kujipaka bila shida.

Ulimi wa watu hao haukuwaonya. Kwa hiyo atomaiza ya Sh2,000, hata ya Sh20,000, itakuambia kama embe ni tamu. Haiwezi kukuambia embe hiyo itafanya nini kwa pafu la mtu miaka kumi ijayo.

Nilimwambia hayo. Akajibu, "Lakini Anti, sigara si mbaya zaidi?" Ni kweli. Kwa aliyekuwa anavuta sigara, wataalamu wengi wanasema kuhamia vepu kunapunguza madhara, ingawa hakuyamalizi. Lakini yule mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta chochote anapunguza nini? Kwake ile chupa ni mlango wa kuingia kwa nikotini, na nikotini ikikushika haikuachi kirahisi. Chupa ni moja. Mmoja inamshusha ngazi, mwingine inampandisha, na aliyeichanganya anawajua wote wawili kwa majina.

Nilimpa zile Sh2,000, za matumizi yake mwenyewe. Nikamwomba aachane na ladha za mafuta, aulize muuzaji kama kuna daiasetili, na asimuuzie mtu. Yale mawili alikubali haraka. La tatu alisema, "Nitafikiria, Anti." Hadi leo sijui kama nilifanya vizuri, na naendelea kumwombea.

Lakini nimejifunza jambo la kujiuliza mimi mwenyewe. Mara ngapi nimempa mtu dawa ya mitishamba, au nimemwingiza kwa chama, au nimempa shauri la ndoa, nikisema, "Mimi nimejaribu, ni nzuri"? Nilikuwa nasema kweli. Lakini nilikuwa nimejaribu nini hasa, kwa muda gani, na kwa mwili wa nani? Mpendwa, wiki hii, kabla hujasema "nimejaribu", jiulize hayo matatu.